Watoto Wetu na Sinema za Njozi: Nani Aamue?

Yako maswali ambayo wakubwa huyaita madogo kwa sababu tu yanawahusu wadogo. Moja ni hili tunaloliweka leo mbele ya wasomaji wetu: je, yafaa mtoto mchanga apelekwe kutazama sinema ya njozi, yaani sinema ya mazimwi, wachawi, wanyama wasemao na watu warukao angani? Wengine watacheka na kusema kwamba taifa lina mambo mazito zaidi ya hilo. Sisi twaona sivyo. Taifa hujengwa na watu, na watu huanza kujengwa wakiwa na umri wa miaka 4 na 5, gizani wakishika nguo ya mama.

Tuseme mkulima wa Namasakata, mkoani Ruvuma, ameuza korosho zake na likizo ya Desemba imewadia. Kaka wa mkewe, mfanyakazi wa Dar es Salaam, awaita watoto watatu wakamtembelee. Mkubwa ana miaka 12, wa pili 9, na kitinda mimba 5. Mjomba ameahidi kuwapeleka sinema, tuseme pale Mlimani City, wakaone picha ya njozi inayosifiwa na kila mtu. Baba asema waende wote, kwani si haki mmoja abaki akilia. Mama asema mdogo asiende. Nani kati yao ana haki?

Na jambo hili si la wasafiri peke yao. Aliyebaki kijijini naye anazo sinema zake, katika runinga ya jirani, katika simu ya kaka yake, au katika banda la video, lile ambalo vijana hulitania kwa jina la kibanda umiza. Kwa hiyo kila mzazi, awe wa mjini au wa shamba, ataulizwa swali hili siku moja, na ni heri awe na jibu kabla ya kuulizwa.

NJOZI SI MGENI KWETU

Tuanze na wale wasemao kwamba njozi ni uongo, na kwamba mtoto asilishwe uongo. Hao twawaheshimu kwa nia yao, lakini hatuwezi kukubaliana nao. Ni nani kati yetu asiyelelewa na uongo wa namna hiyo? Tulipoambiwa “Paukwa!” tukaitika “Pakawa!”, tulijua kwamba mlango umefunguliwa wa nchi ambayo sungura humshinda simba kwa akili na zimwi hummeza msichana mkaidi kisha tumbo lake likapasuliwa, msichana akatoka mzima. Katika nchi hiyo tulijifunza kwamba mnyonge aweza kumshinda mwenye nguvu. Somo hilo halikuwa uongo hata kidogo, na waliolishika walilifanyia kazi walipokuwa watu wazima.

Tena fasihi yetu iliyoandikwa imejaa njozi. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi ielealo angani, ambayo hakuna mtu awezaye kwenda kuipima mipaka yake. Lakini katika nchi hiyo isiyokuwepo, mwandishi aliweza kusema juu ya serikali zisizosikiliza raia wake mambo ambayo katika nchi zilizokuwepo yalikuwa na hatari kuyasema. Mwaka uliofuata ilitoka Adili na Nduguze, na humo mna jini, mna watu waliogeuzwa manyani, mna viboko vya kila usiku. Kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi kizazi baada ya kizazi, wala hatujasikia kwamba kimewaharibu. Kwa hiyo njozi si adui wa ukweli. Mtu asiyeweza kuona kwa moyo jambo ambalo bado halijawa, hawezi kulijenga. Hata daraja huanza kama njozi katika kichwa cha mhandisi.

Basi hoja yetu si kwamba njozi ni mbaya. Hoja yetu ni kwamba hadithi ya bibi na picha ya sinema si kitu kimoja. Bibi alipokuwa akisimulia habari za zimwi, alikuwa akitazama nyuso zilizo mbele yake. Akiona mmoja amekodoa macho na midomo inamtetemeka, alilipunguza zimwi meno, au alimleta sungura upesi kabla ya wakati wake, au aliimba wimbo watoto wakaitikia na hofu ikapungua. Na zimwi lenyewe lilitengenezwa na mtoto katika akili yake, kwa hiyo halikuweza kuwa kubwa kupita nguvu zake. Mashine ya sinema haimwoni mtoto. Inamwonyesha wa miaka 5 meno yale yale inayomwonyesha wa miaka 25, kwa ukubwa wa ukuta mzima, kwa ngurumo inayotikisa kiti, katika giza.

MACHO YA MTOTO SI MACHO YA MKUBWA

Hapa yafaa tukumbuke jambo la historia. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 ulifanyika huku kwetu Tanganyika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Baada yake, mwaka 1939, Serikali ya Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji Mwafrika asiyesoma aonyeshwe picha za polepole, nyepesi, zisizo na hila za kamera, maana akili yake itachanganyikiwa. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakoloni waliweka bodi ya kukagua sinema mahsusi kwa ajili ya Waafrika, wakiogopa hata picha za wachunga ng'ombe wa Kimarekani ambazo wachimba madini wa Copperbelt walizipenda mno. Mtu mzima aliyekuwa akiitoa shaba ardhini alihesabiwa kuwa mtoto mbele ya kitambaa cheupe.

Lile lilikuwa tusi, na ndiyo sababu wengi wetu hatupendi kusikia neno la kukataza sinema. Lakini tuangalie tusiitupe mbegu pamoja na makapi. Maneno yaliyokuwa tusi kwa mtu mzima, kwa mtoto wa miaka 5 yana kweli ndani yake, na ni kweli kwa watoto wa kila taifa na kila rangi.

Wataalamu wa Marekani waliichunguza habari hii miaka mingi, miongoni mwao Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1986 yeye na Glenn Sparks walieleza jinsi watoto walivyotazama kisa cha televisheni cha The Incredible Hulk, ambamo mtu wa kawaida hugeuka jitu la kijani. Jitu lile ni jema, huja kuokoa watu. Wakubwa kidogo, wenye miaka 9 hadi 11, waliogopa zaidi kabla ya mtu yule kugeuka, kwa sababu walielewa kwamba yumo hatarini. Wadogo wa miaka 3 hadi 5 waliogopa zaidi baada ya kugeuka. Wao hawakuona mwokozi, waliona sura tu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1985, Cantor na mwenzake Cynthia Hoffner walikuwa wamewaonyesha watoto picha ya mwanamke mzee. Wengine walionyeshwa bibi mwenye sura ya upole, wengine bibi mwenye sura ya kuchukiza kama mchawi wa hadithi. Katika kila sura mara alitenda wema, mara alitenda ukatili. Watoto wakubwa walimhukumu kwa matendo yake. Wadogo walimhukumu zaidi kwa sura yake. Tunawaomba wasomaji waliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Yapo na mafunzo mengine katika uchunguzi huo. Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 ukimwambia, “Usiogope, si kweli,” maneno hayo hayamfai sana, kwa sababu mpaka kati ya kweli na si kweli bado haujakaa imara kichwani mwake. Linalomfaa ni kushikwa mkono, kupakatwa, kupewa maji anywe, kutolewa nje. Mkubwa wa miaka 10 maelezo yamtosha. Akina mama wetu walilijua hilo bila kufika chuo kikuu.

Wala asidhani mtu kwamba uangalifu huu ni woga wa watu wa nyuma. Picha ya Snow White ya Walt Disney ilitoka mwaka 1937, ya kwanza ya namna yake ndefu ya kuchorwa kutoka kwake, na leo kila mtu huiita picha ya watoto. Lakini ilipofika Uingereza mwaka 1938, wakaguzi waliipa cheti kilichotaka watoto wa chini ya miaka 16 waandamane na mtu mzima, kwa sababu ya msitu wake wa giza na mchawi wake. Na picha za Harry Potter, ambazo watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja, si kitu kimoja. Ya kwanza, ya mwaka 2001, ilipewa huko Uingereza cheti chepesi cha kutazamwa kwa uongozi wa wazazi. Ya nne, ya mwaka 2005, ilipewa cheti cha miaka 12, na aliye chini ya hapo hakuingia ila na mtu mzima. Mzazi asemaye “Aliiona ile ya kwanza, basi aione na hii” hajui kwamba picha zile zilikuwa zikikua pamoja na watazamaji wake.

ZIMWI LA MBALI NA ZIMWI LA KARIBU

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Sinema za njozi ni za namna mbili, na wazazi wengi hawazitofautishi.

Ya kwanza ni njozi ya mbali. Katika The Lion King ya mwaka 1994, simba husema, nguruwe mwitu huimba, na majina yao mengine ni Kiswahili chetu hiki hiki: Simba, Rafiki, Pumbaa. Imo huzuni kubwa humo, maana baba huuawa mbele ya mwanawe, na mtoto mdogo aweza kulia. Lakini atokapo ukumbini hatamkuta simba asemaye sokoni. Hofu yake haina pa kushika katika maisha yake, na huzuni yake yaweza kumfundisha kupenda wazazi wake.

Ya pili ni njozi ya karibu. Hii ni picha ya mchawi aliyevaa khanga kama shangazi, anayekaa katika nyumba kama yetu, anayeruka usiku kwa ungo na kula nyama za watoto wa jirani. Picha za jinsi hii zimetengenezwa kwa wingi Nigeria, na kwetu pia tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Mtengenezaji aweza kusema kwamba hiyo nayo ni njozi tu, sawa na simba asemaye. Je, mtazamaji huipokea hivyo? Sisi ni watu ambao mwaka 1995, Unguja na Pemba, watu wazima wenye akili zao walilala nje makundi makundi kwa hofu ya popobawa. Katika nchi yetu hii bibi vikongwe wameuawa, hasa upande wa Shinyanga na Mwanza, kwa kosa la kuwa na macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu zao. Katika nchi yetu hii ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina.

Basi turudie uchunguzi ule wa bibi mwenye sura mbaya. Mtoto wa miaka 5 humhukumu mtu kwa sura. Ukimpeleka akaone kwa saa mbili kwamba kikongwe mwenye macho mekundu ndiye mla watu, unamfundisha nini juu ya bibi wa nyumba ya tatu? Huenda usiku ule akalia, na kesho akasahau kilio. Lakini lile alilojifunza juu ya vikongwe halisahauliki upesi hivyo. Hapo hatari si ndoto mbaya tena. Hatari ni kwamba tunakuza kizazi kingine cha watu wa kuwanyoshea wazee kidole.

Na kidole hicho hugeuka kikamwelekea mtoto mwenyewe. Mwaka 1999 ilitoka Nigeria sinema iitwayo End of the Wicked, iliyoonyesha watoto wakiingizwa katika uchawi na kuwadhuru wazazi wao. Watetezi wa watoto waliilaumu kwamba ilichochea wazazi kuwatesa na kuwafukuza watoto wao kwa kuwadhania wachawi, na mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilitunga sheria ya kumwadhibu amwitaye mtoto mchawi. Katika Kongo, ambako maelfu ya watoto wa Kinshasa walitupwa barabarani kwa shutuma hiyo hiyo, sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 nayo iliifanya shutuma hiyo kuwa kosa. Kwetu sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Sheria ni nzuri, lakini sheria humkuta mtu akiwa mzima. Picha humkuta akiwa mchanga.

KIBANDA KIMEKUWA YAYA

Hapa wako watakaosema kwamba kosa ni la wazazi wazembe. Hatukubali hukumu ya haraka hivyo. Mama aendaye gengeni alfajiri, na baba aingiaye zamu kiwandani, hawana fedha za yaya. Banda la video lipo karibu, kiingilio ni kidogo, na mtoto akiwa humo angalau hajulikani kuwa yuko barabarani akikimbizana na magari. Banda limekuwa yaya wa maskini. Anayetaka kumlaumu mama huyo na ampe kwanza mahali pengine pa kumweka mwanawe.

Wala mabanda yenyewe si ubaya mtupu. Ndimo ilimokulia sanaa ya kufasiri sinema kwa Kiswahili, ambayo Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliifanya ipendwe nchi nzima. Mfasiri wa namna yake hutia mzaha penye hofu, huwapa mazimwi majina ya kuchekesha, huwaeleza watazamaji yatakayotokea. Kwa kweli amemrudisha bibi msimulizi ndani ya sinema. Lakini hata yeye husema na vijana na watu wazima, wala si na mtoto wa miaka 5 aliyejibanza mbele kabisa kwa sababu ni mfupi.

Sheria zipo. Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza iliweka bodi ya kukagua, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa Bodi ya Filamu Tanzania. Wenzetu wa Kenya hupanga picha katika madaraja manne: ya watu wote, ya watoto kwa uongozi wa wazazi, ya miaka 16, na ya miaka 18. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto ana haki ya kucheza na kufurahia sanaa, na kwamba alindwe na yale yanayoweza kumdhuru. Watu wengi hushika nusu moja wakaacha nusu ya pili. Lakini daraja lililoandikwa mjini halifiki lenyewe mpaka kwenye banda la kijiji. Lazima lipelekwe na watu.

LA KUFANYA

Tusiwaache wasomaji wetu hewani. Jibu letu kwa familia ile ya Namasakata ni hili: wa miaka 12 na wa miaka 9 waende na mjomba wao, na kitinda mimba asiende. Haki si kuwapa watoto wote kitu kile kile. Haki ni kumpa kila mmoja kinachomfaa, kama vile hatumpi mchanga kipande cha muhogo mkavu kwa sababu kaka zake wanakula. Apewe starehe yake nyingine siku hiyo hiyo, tena njema, ili asione kwamba udogo ni adhabu.

Kwa wazazi wote twasema haya. Mtoto wa chini ya miaka 7 asipelekwe katika ukumbi wa giza kutazama picha ya mazimwi, hata kama ni ya mbali. Aitazame nyumbani, mchana, taa ikiwaka, mzazi akiwa ubavuni, na mkono wa kuizima ukiwa karibu. Kuanzia miaka 7 aende, lakini si peke yake, na mkubwa amwulize kwanza mtu aliyeiona picha hiyo: ina nini, inatisha wapi, inaishaje. Waketi karibu na mlango. Mtoto akitaka kutoka, atolewe bila kuchekwa, wala mtu asihesabu fedha ya tiketi. Mtoto anayechekwa kwa kuogopa hafundishwi ushujaa, hufundishwa kuficha hofu. Wakisharudi aulizwe alichokiona, naye asimulie kwa kinywa chake, maana zimwi likishasimuliwa limeanza kutiishwa. Na ajulishwe jinsi mambo yale yanavyofanywa kwa rangi, kamba na kompyuta, ajue kwamba nyuma ya zimwi wako wafanyakazi wenye mishahara.

Kuhusu njozi za karibu, zile za wachawi waliovaa kama majirani zetu, neno letu ni fupi zaidi: si za watoto, si kwa mzazi kuwepo wala kutokuwepo.

Kwa wenye mabanda, twawaomba watenge saa. Mchana wa Jumamosi uwe wa watoto, kwa picha zilizochaguliwa, na mlangoni asimame mtu mwenye haya. Usiku uwe wa wakubwa. Hasara ya kiingilio cha mtoto mmoja si kitu mbele ya heshima ya kijiji kizima. Na kwa viongozi wa matawi na wa serikali za vijiji, twauliza: ni mara ngapi mmekagua mizani ya mnunuzi wa mazao, na ni mara ngapi mmeingia bandani kuona watoto wanaonyeshwa nini? Tamasha la filamu la Zanzibar limezoea kwa miaka mingi kupeleka picha vijijini, watu wakatazama pamoja, wakubwa kwa wadogo. Jambo lifanyikalo Unguja halishindikani Ruvuma.

Samaki mkunje angali mbichi. Tusiwanyime watoto wetu njozi, maana bila njozi watakuwa watu wa kurudia tu yaliyokwisha kufanywa na wengine. Lakini tuwape njozi kama tunavyowapa chakula, kwa kipimo cha kinywa chao, na sisi wenyewe tukiwa tumeketi nao mkekani.